Jino moja la kupandikiza: bei uliyotajiwa ni ya kitu gani?

Barua kuhusu meno ya kupandikiza zimekuwa nyingi, na karibu zote zinaanza na bei. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine wengi.

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 36, naishi Tabata. Gego langu la kwanza la chini, upande wa kushoto, liling'olewa miaka miwili iliyopita baada ya kutoboka. Sasa nataka jino la kudumu. Kliniki moja ya Kariakoo wameniambia implanti ni shilingi 1,800,000. Nyingine, ya Masaki, wamesema 4,500,000, na wakanipa pia bei ya daraja la meno matatu, 1,500,000. Mume wangu anasema jino ni jino, nichukue la bei nafuu. Tofauti hii inatoka wapi? Na je, ni halali kutoa hela yote hiyo kwa jino ambalo halionekani hata nikicheka?

JIBU: Dada yetu, huenda bei hizo mbili hazizungumzii kitu kimoja. Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Ya kwanza ni implanti yenyewe, yaani skurubu ya titani inayozikwa ndani ya mfupa wa taya; ya gego huwa na unene wa mm 4 hadi 5 na urefu wa mm 8 hadi 12. Ya pili ni shingo, kipande kinachofungwa juu ya skurubu na kutokeza kwenye ufizi. Madaktari huiita abatimenti. Ya tatu ni krauni, jino lenyewe la kauri au zirkonia unalotafunia. Wapo wanaotaja bei ya "implanti" wakimaanisha ile skurubu tu. Mgonjwa analipa kwa furaha, anafanyiwa upasuaji, halafu baada ya miezi mitatu anaambiwa shingo na krauni vina bei yake. Hapo hana pa kukimbilia, skurubu imo mdomoni.

Kwa hiyo rudi kliniki zote mbili uombe mchanganuo wa maandishi, mstari kwa mstari: uchunguzi na picha, implanti pamoja na jina la kampuni na ukubwa wake, kifuniko cha kuponyeshea ufizi, shingo, krauni na kazi ya maabara, kuongeza mfupa kama itahitajika, kutoa nyuzi, na marudio ya mwaka wa kwanza. Kisha uliza swali ambalo watu wengi hulisahau: implanti ikikataa kushika, nani analipia ya pili? Jibu nalo liandikwe. Ukiwa na karatasi mbili za namna hiyo ndipo utalinganisha bei, na mara nyingi pengo la milioni mbili na laki saba linapungua sana.

Lakini kitakachoamua bei yako na usalama wako kuliko jina la mtaa ni mfupa. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalibeba hauna kazi tena na huanza kuyeyuka. Ndani ya miezi 12 upana wa taya pale kwenye pengo unaweza kupungua karibu nusu, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wewe una miaka miwili. Implanti ya mm 4.5 inahitaji mfupa wenye upana wa mm 7 hivi, ili ibaki kuta ya kutosha kila upande. Inahitaji pia kukaa angalau mm 1.5 mbali na mzizi wa jino jirani, maana yake nafasi kati ya majirani wawili isipungue mm 7.5. Na kama gego la nyuma limeanza kulalia pengo, au la juu limeshuka kulijaza, nafasi hiyo inaweza kuwa imeshaliwa. Jitazame kwenye kioo, kisha mwulize daktari akupimie.

Ndiyo maana hatukushauri ukubali upasuaji wowote kabla ya eksrei ya pande tatu ya taya. Picha ya kawaida iliyo bapa huonyesha urefu wa mfupa. Unene wake haiuonyeshi. Kwenye taya la chini kuna jambo jingine zito zaidi: mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa, chini ya mizizi ya magego. Ncha ya implanti ibaki angalau mm 2 juu yake. Ukiguswa au ukibanwa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa miezi, na kwa wengine haiishi kabisa. Unakunywa chai na hujui kama inakumwagikia kidevuni. Ikiwa asubuhi ya kesho yake baada ya upasuaji mdomo bado una ganzi, usisubiri tarehe ya marudio. Piga simu na nenda siku hiyohiyo, kwa sababu kuitoa au kuilegeza implanti ndani ya saa 24 hadi 36 kunampa mshipa nafasi nzuri ya kupona, na kila siku inayopita inaipunguza nafasi hiyo.

Mfupa ukiwa mwembamba, daktari atapendekeza kuongeza mfupa. Chembechembe za mfupa hupachikwa na kufunikwa na utando mwembamba, kisha mnasubiri miezi 4 hadi 6, wakati mwingine kabla hata implanti haijawekwa. Hapo ndipo gharama hupanda na ndipo watu hushtushwa katikati ya safari. Chembechembe hizo mara nyingi hutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, na tando nyingi hutengenezwa kwa ngozi au sehemu nyingine za nguruwe. Kama dini yako inakukataza, uliza mapema. Zipo za ng'ombe na zipo zisizotokana na mnyama kabisa, ila lazima ziagizwe kabla ya siku ya kazi.

Sasa kwa nini tunasema bei ndogo si kosa, lakini iulizwe imepunguzwa wapi? Implanti haigundishwi kwa gundi. Mfupa hukua mpaka ukashikamana na titani yenyewe, jambo lililogunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi katika miaka ya 1950, naye akamwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Ili mfupa ushikamane ni lazima uwe hai. Wakati wa kutoboa, mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja hufa pale pale. Hivyo daktari hutoboa kwa hatua, akianza na keekee ya mm 2 hivi na kupanua kidogo kidogo, huku maji ya chumvi safi yakimwagika muda wote. Keekee iliyotumika kwa wagonjwa wengi mno huwa butu, na keekee butu inasugua kuliko kukata, na kusugua kunazaa joto. Wewe hutasikia chochote kwa sababu una ganzi. Wiki sita baadaye skurubu inacheza. Uliza bila aibu: keekee zenu mnazibadilisha baada ya kutumika mara ngapi? Vifaa vinatakaswa kwenye otokilevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzijoto 121 au 134? Daktari anayejiheshimu hatachukizwa na swali hilo, na wengine watakuonyesha karatasi za vipimo vya mashine yao.

Jina la kampuni nalo lina maana, ingawa si kwa sababu wauzaji wanazotaja. Implanti nzuri zinatengenezwa Uswisi, Korea Kusini, Israeli na kwingineko; Straumann na Osstem ni majina utakayoyasikia. Cha kuuliza ni hiki: baada ya miaka 12, skurubu ndogo ya ndani inayoifunga shingo ikikatika, kipuri chake kitapatikana Dar es Salaam? Implanti ya kampuni isiyojulikana inaweza kukaa vizuri mfupani huku hakuna bisibisi mjini inayoingia kichwani mwake.

Hilo la daraja tulitazame kwa haki. Daraja la meno matatu linatengenezwa kwa kuyachonga meno mawili ya pembeni na kuyavisha krauni zinazobeba jino la katikati. Linakamilika ndani ya wiki mbili au tatu, bila kugusa mfupa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, madaraja yapatayo 89 kati ya 100 bado yapo mdomoni. Implanti za jino moja ni kama 95 kati ya 100. Ila angalia vizuri: krauni zilizo juu ya implanti hizo ni kama 89 kati ya 100, sawa na daraja. Yaani skurubu hudumu, lakini jino la juu yake linaweza kuhitaji kubadilishwa kama lilivyo daraja. Wagonjwa wa tafiti hizo walifuatiliwa na kusafishwa meno kwa ratiba. Asiyerudi kliniki miaka mitano asijihesabie takwimu hizo.

Tofauti kubwa iko kwa majirani. Kama meno yako mawili ya pembeni ni mazima, kuyachonga ni kuharibu vitu viwili ili kutengeneza kimoja, na baadhi ya meno yaliyochongwa hufa kiini miaka inayofuata na kuhitaji matibabu ya mzizi. Kama tayari yana vijazo vikubwa au yamepasuka, yangehitaji krauni hata hivyo, na hapo daraja ni uamuzi wa busara na hela yako inafanya kazi mara tatu.

Kwa hesabu ya kawaida: 4,500,000 kwa miaka 15 ni 300,000 kwa mwaka, bila kusahau kusafisha meno mara mbili kwa mwaka na pengine krauni mpya moja katika kipindi hicho. Daraja la 1,500,000 kwa miaka 10 ni 150,000 kwa mwaka, lakini likianguka kwa sababu jino moja la kubebea limeoza, pengo linalofuata ni la meno mawili.

Maoni yetu: kama majirani ni wazima, mfupa unatosha, fizi hazitoki damu na hela unayo, weka implanti. Kama hela hiyo inatoka kwenye mkopo wa riba au kwenye ada ya watoto, subiri. Pengo la gego moja haliui mtu, na kuna watu wanaoishi nalo miaka mingi bila shida yoyote. Muhimu ni majirani yasiendelee kulala. Ukiona yanalala, meno bandia ya kuvaa na kuvua yanaweza kuwazuia kwa gharama ndogo huku ukijipanga.

Ukiamua kuendelea, lipa kwa hatua. Sehemu siku ya upasuaji, sehemu siku ya kuchukua kipimo cha krauni, na iliyobaki krauni ikishafungwa na umeitafunia wiki moja. Taya la chini husubiriwa wiki 8 hadi 12 kati ya upasuaji na krauni. La juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, miezi 3 hadi 6. Omba krauni ifungwe kwa skurubu kutoka juu, si kwa saruji, panapowezekana. Tundu la skurubu huzibwa kwa kijazo cha rangi ya jino na siku ya matatizo hufunguliwa bila kuvunja kitu. Saruji ina ubaya wake: chembe ikibaki chini ya ufizi hukaa pale kama jiwe, inaleta usaha, na mfupa unaanza kuliwa.

Siku ya upasuaji yenyewe ni nyepesi kuliko kung'oa gego gumu. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15 kwa wakati, siku ya kwanza. Uji uliopoa, mtori, ndizi laini. Dafu ni zuri, lakini mimina kwenye glasi. Kunyonya kwa mrija kunavuta bonge la damu linalofunika jeraha. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi 10. Muwa, bisi na mahindi ya kuchoma visubiri krauni, na hata baada ya krauni muwa umenye kwa kisu.

Kuhusu bima, usisikilize maneno ya mapokezi. Peleka mchanganuo kwa mfuko wako na upate jibu la maandishi kabla ya kuanza. Na daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hilo linaulizika na linathibitishika.

SWALI: Hamjambo wanangu. Mimi ni mzee wa miaka 62, niko Mbagala. Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, nakunywa dawa. Natumia pia aspirini ile ndogo kwa ajili ya moyo, na sigara navuta kama kumi kwa siku. Meno mawili ya juu yalitoka yenyewe, yalikuwa yanacheza. Mwanangu aliyeko nje anataka kunilipia implanti ya jino moja la juu nyuma. Naweza?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kisukari peke yake hakikuzuii; kinachozuia ni kisukari kisichotulia. Nenda ukapime HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, kwa sababu sukari ya asubuhi moja inaweza kukudanganya. Ikiwa chini ya asilimia 7, una nafasi nzuri. Ikizidi 8, ahirisha upasuaji na kaa na daktari wako wa kisukari kwanza, maana kidonda hakitapona vizuri na mfupa hautashika.

Sigara ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Moshi hubana mishipa midogo ya damu ya ufizi, na implanti za wavutaji hukataa karibu mara mbili ya za wasiovuta. Ukishindwa kuacha moja kwa moja, acha angalau wiki moja kabla ya upasuaji na wiki nane baada yake, bila hata moja ya kuonja. Kama hilo haliwezekani, mzee wetu, mwambie mwanao aiweke hela.

Aspirini ndogo usiiache kwa uamuzi wako. Damu inayotoka kwa upasuaji wa jino moja inadhibitiwa kwa kubana na kushona. Moyo uliokosa dawa yake haudhibitiwi hivyo. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wao hupimwa INR, kipimo cha damu inavyoganda, siku moja hadi tatu kabla.

Kuna jambo ambalo barua yako imelisema bila kulilenga. Meno yaliyotoka yenyewe yalikuwa na ugonjwa wa fizi, na ugonjwa huo huenda bado upo kwenye yaliyobaki. Implanti ikiwekwa kwenye kinywa chenye ukoga na usaha, vijidudu vilevile vitahamia kwayo. Kwanza kusafishwa kwa kina chini ya ufizi, kisha miezi mitatu ya kuangaliwa. Fizi zikiacha kutoa damu ndipo mpango uendelee. Na kwa magego ya juu, juu ya mfupa kuna mwanya wa hewa uitwao sainasi, ambao hushuka jino likiwa halipo. Pengine utaambiwa mfupa uliobaki ni mm 4 tu. Kuinua sakafu ya sainasi kunawezekana, lakini kwa mvutaji sigara mwenye kisukari hatungependa kupendekeza. Meno bandia ya kuvaa na kuvua yaliyotengenezwa vizuri yatakupa tabasamu na nyama ya mbuzi bila upasuaji hata mmoja.

Kwa wasomaji wengine wenye maradhi ya kudumu: aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa na shingo, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati, au aliyechomwa sindano ya zoledroniki kwa ajili ya saratani, amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, achilia mbali kupandikizwa. Mfupa wa taya unaweza kufa na kubaki wazi. Anayetumia ARV kwa uaminifu na virusi vyake vimefubaa hanyimwi implanti kwa sababu hiyo.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha nne, ana miaka 17. Alipigwa kiwiko kwenye mpira, jino la mbele la juu likavunjika hadi mzizi, likang'olewa. Anaona aibu kuongea darasani. Nimeambiwa implanti ndiyo suluhisho. Mama, Kigamboni.

JIBU: Mama, bado. Taya la kijana huyu linaendelea kukua, na implanti haikui nalo. Jino la asili linashuka taratibu pamoja na mfupa. Skurubu ya titani imeshikamana na hubaki ilipowekwa. Akifika miaka 23 jino hilo litaonekana fupi kuliko mwenzake, ufizi wake ukiwa umepanda, na kurekebisha hilo mbele ya mdomo ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa wavulana husubiriwa hadi miaka 20 au 21. Daktari anaweza kuthibitisha kwa kupiga picha ya kichwa ya pembeni mara mbili, tofauti ya miezi 6 hadi 12, na kuona kama kuna mabadiliko.

Aibu ya darasani, hata hivyo, isisubiri miaka minne. Omba daraja la kugundisha: jino moja lenye bawa dogo linalogundishwa nyuma ya jino jirani, bila kulichonga au kwa kulichonga kidogo sana. Bawa moja hufanya vizuri kuliko mawili hapo mbele, kwa sababu meno mawili husogea tofauti, na moja kati ya mabawa hayo mawili huachia kimyakimya, uozo ukaanzia chini yake. Asing'atie nalo mahindi wala asifungulie soda. Na akirudi uwanjani, avae kinga ya meno.

Kwa wazazi wote wenye wachezaji nyumbani: jino zima la ukubwani likitoka kwa kugongwa, lishikeni upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake palepale, au litiwe kwenye maziwa, na mfike kwa daktari ndani ya nusu saa. Jino lililorudishwa, hata likidumu miaka michache tu, linauhifadhi mfupa ambao implanti itauhitaji baadaye.

SWALI: Binamu yangu anasema Uhindi wanaweka implanti na krauni kwa siku tano, na hata ukijumlisha tiketi bado ni nafuu. Kaka, Sinza.

JIBU: Kaka, siku tano zinawezekana kwa mtu mwenye mfupa mgumu na mpana, implanti ikikazwa kwa nguvu ya nyutoni-sentimita 35 au zaidi, na krauni ya muda iliyopunguzwa urefu ili isigusane na jino la upande wa pili. Krauni ya kudumu yenye kutafunia siku ya tano ni kubahatisha, kwa kuwa kati ya wiki ya pili na ya nne implanti hulegea kidogo. Mfupa wa zamani unaondolewa na mpya haujakomaa. Hesabu safari mbili, ya pili baada ya miezi mitatu au minne. Usiondoke bila kadi ya implanti yenye stika za kampuni, ukubwa na namba ya toleo, nakala ya picha za pande tatu, na jina la bisibisi iliyotumika. Kabla hata ya kukata tiketi, peleka jina la kampuni hiyo kwa daktari mmoja hapa Dar umwulize kama ana vifaa vyake. Akisema hana, bei hiyo nafuu imekosa sehemu moja.

SWALI: Niliwekewa jino la kupandikiza miaka mitatu iliyopita. Wiki hii linacheza, halina maumivu. Jirani ameniambia ninunue gundi ya meno dukani. Dada, Ukonga.

JIBU: Usitie gundi, dada. Kwanza tujue kinachocheza ni nini. Kama krauni inazunguka au inabonyea kidogo huku ufizi ukiwa wa kawaida, huenda skurubu ndogo inayoiunganisha na implanti imelegea. Hiyo ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote, na ikiwahiwa ni ya nusu saa: krauni inafunguliwa, skurubu inakaguliwa au kubadilishwa, inakazwa kwa kipimo cha kampuni, aghalabu nyutoni-sentimita 25 hadi 35, inasubiriwa dakika 10, inakazwa tena. Baada ya hapo daktari aangalie unavyouma kwa karatasi ya rangi, kwani skurubu hulegea kwa sababu: haikukazwa vya kutosha mwanzoni, krauni iko juu kuliko wenzake, au unasaga meno usingizini. Kama unaamka taya limechoka, utahitaji kinga ya usiku, la sivyo itarudi kulegea.

Kama kinachocheza ni implanti nzima, ukibonyeza ufizi unatoka usaha, au picha inaonyesha giza kuizunguka, mfupa umeachia. Implanti inayocheza mfupani haiponi. Hutolewa, kidonda hupona miezi michache, na jaribio la pili linawezekana kama mfupa umebaki. Kutosikia maumivu kusikutulize. Jino la asili lina utando wenye hisia kuzunguka mzizi. Implanti haina, kwa hiyo uharibifu unaweza kwenda mbali kimya. Dalili ya mwanzo ni damu unapopiga mswaki. Amoksilini ya duka la dawa itapunguza usaha kwa wiki moja na kuacha ukoga uliogeuka jiwe palepale ulipo.

Mpaka utakapoonwa, tafunia upande mwingine na usilichezeshe kwa ulimi. Kila mtikisiko unaila skurubu, na ikikatika ndani, kuitoa ni kazi ya saa nzima. Krauni ikitoka yenyewe, ioshe, itie kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na kila kipande kidogo utakachokiona, uende nayo. Chukua na ile kadi yako ya implanti. Kama hukupewa, idai siku hiyohiyo kutoka kwa aliyekuwekea.